Vidonge Having'oi Ukoga

JE, msomaji, mate utemayo asubuhi unapopiga mswaki huwa na damu? Wengi huona si neno. Siku ufizi unapovimba au jino linapoanza kucheza, ndipo mtu hukumbuka duka la dawa. Pale Ukunda, barabara ya Diani inapoachana na ile kuu iendayo Msambweni na Lunga Lunga, dawa haziko mbali. Sheria yataka cheti cha daktari kwa dawa za kuua bakteria, lakini nani asiyemjua mtu aliyenunua vidonge vinne vya rangi mbili, au Flagyl kidogo, akameza mpaka maumivu yakatulia?

Flagyl yenyewe ina kisa chake. Haikutengenezewa meno. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Shinn, aliandika katika jarida la Lancet kwamba mwanamke aliyepewa dawa hiyo kwa ugonjwa wa ukeni alipona pia fizi zilizokuwa na vidonda. Tangu hapo madaktari wa meno wameitumia.

Tatizo ni ukoga, ule utando unaonata kwenye shina la jino. Ndani yake bakteria wa aina nyingi wamejibanza katika ute wao wenyewe, na dawa huwafikia kwa shida. Wengine, kama Prevotella, hutoa kemikali inayovunjavunja dawa za jamii ya penisilini, hata jirani zao wasio na kinga wakanusurika. Ukimeza dawa nusunusu unaua wanyonge. Wenye nguvu hubaki wakazaana, na hata kupeana siri ya kuishinda dawa.

Si maneno ya kutisha watu. Huko Marekani watafiti waliwapima wagonjwa 400 wa fizi na kutangaza mwaka 2014 kwamba karibu 74 katika kila 100 walikuwa na bakteria wasiosikia angalau dawa moja kati ya nne za kawaida. Na Wahispania, wanaotumia dawa hizi kwa wingi, walikutwa na bakteria sugu zaidi kuliko Waholanzi.

Sasa fikiria: amoksilini unayoichezea kwa ajili ya ufizi ndiyo hiyo hiyo anayopewa mtoto mwenye nimonia.

Tiba ya kweli ya fizi ni kukwanguliwa ukoga, hasa ule uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, ambao mswaki hauuwezi. Ukiwa upande wa Msambweni, ulizia idara ya meno katika hospitali ya rufaa. Daktari akiona haja ya vidonge ataviongeza juu ya kazi hiyo, si badala yake. Lakini uso ukivimba na homa ikapanda, usingoje kesho.

Na ule mswaki wa mti wa babu zetu? Usiucheke. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden walionyesha katika maabara kwamba mvuke wa mzizi wake una kemikali inayoua baadhi ya bakteria wa fizi. Maabara si kinywa, ni kweli, ila nyuzi zake husugua ukoga vizuri. Kata ncha iliyochakaa, utafune mpya, usugue polepole mpaka kwenye mpaka wa jino na ufizi, hapo hapo panapotoka damu.