MANENO YA KIINGEREZA YENYE « OUGH » NA « AUGH »: JUU YA NINI YANATUSUMBUA?



Leo tunataka kusema juu ya herufi chache tu: o, u, g, h, na ndugu zao a, u, g, h. Katika Kiingereza, zikikaa pamoja, hakuna mtu anayejua mbele namna ya kuzisoma. Taabu yake tuliiona siku moja katika ibada ya asubuhi. Wageni walikuwapo, na mwenzetu mmoja alipewa kusoma kwa Kiingereza habari za Yairo, katika Marko 5. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba « laugh », maana yake kucheka, husomwa « laf ». Basi alipofika kwa « daughter », maana yake binti, akasoma kwa sauti kubwa: « dafta ». Sisi wote tukacheka. Tangu siku ile hakuinua tena mkono katika saa ya Kiingereza.

Lakini tukifikiri vizuri, kosa lake ni la mtu mwenye akili. Yeye alifuata kanuni. Ni lugha yenyewe iliyoiacha. Ndiyo maana tulikaa na mwalimu pamoja na kamusi, tukatafuta sababu.

Sauti iliyokufa

Zamani Waingereza walikuwa na sauti ya kooni, kama ile watu wa pwani wanayotoa wakisema « kheri » kwa namna ya Waarabu. Waliiandika kwa h tu: usiku ni « niht », binti ni « dohtor ». Mwaka 1066 Wanormani walishinda Uingereza, na baadaye waandishi waliofuata desturi za Kifaransa wakaandika gh. Wakati ule gh ilikuwa na kazi: kila mtu aliisikia.

Halafu, katikati ya karne ya 15 na ya 17, sauti ile ikaanza kufa midomoni. Katika maneno mengine ilipotea kabisa, kama « night » na « daughter ». Katika mengine ikageuka f, kama « laugh », « cough » (kukohoa) na « enough » (inatosha). Jimbo hili lilisema hivi, jimbo lile lilisema vile, na Kiingereza cha leo kikachukua kidogo huku, kidogo kule.

Sasa, juu ya nini hawakubadili maandishi? Mwaka 1476 William Caxton alifungua kiwanda cha kuchapa vitabu huko Westminster. Wachapaji walishika maandishi ya zamani. Midomo ikaendelea kutembea, karatasi ikabaki imesimama.

Caxton alikuwa amekaa miaka mingi Bruges, mji ulio leo katika Ubelgiji. Huko Waflemi waliandika « gheest », maana yake roho. Waingereza waliandika neno lao bila h, lakini h ile ikaingia kwa mikono ya wachapaji, na leo ni « ghost ». Ndiyo hiyo tunaiona katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, inaposema « Holy Ghost » juu ya Roho Mtakatifu. H ile haikusomwa hata siku moja! Na Waflemi wenyewe mpaka leo wanatoa sauti ya kooni: binti ni « dochter », usiku ni « nacht », nane ni « acht ».

Maneno ambayo hatuyaoni kila siku

1. « Hough », husomwa « hok ». Ni kiungo cha mguu wa nyuma wa farasi au ng'ombe. Likiwa tendo, ni kukata mishipa ya pale ili mnyama asikimbie tena. Iko katika Yoshua 11:6, Biblia ya 1611.

2. « Slough », iko na njia mbili. Ukisoma « slau », ni matope mazito. John Bunyan, katika kitabu chake cha mwaka 1678 juu ya safari ya Mkristo, alimwangusha msafiri wake ndani ya matope ya namna hii, matope ya kukata tamaa. Ukisoma « slaf », ni ngozi ambayo nyoka anavua.

3. « Trough », « trof »: chombo kirefu cha kulishia au kunyweshea wanyama.

4. « Chough », « chaf »: ndege mweusi wa ukoo wa kunguru. Yule wa Uingereza ana mdomo na miguu myekundu.

5. « Bough », « bau »: tawi kubwa la mti. Lakini « dough », « do »: donge la unga uliokandwa.

6. « Lough »: ziwa, kwa watu wa Irlandi, kama Lough Neagh, ziwa lao kubwa kupita yote. Hapa gh inasikika kooni, kwa sababu neno limetoka katika Kiirlandi.

7. « Hiccough », « hikap »: kwikwi. Watu waliona kwikwi ni ndugu ya kikohozi, basi wakaiandikia « cough ». Wengi huandika « hiccup », na hao wako na haki.

8. « Laughter », « lafta », ni kicheko. Weka s mbele tu: « slaughter », « slota », ni machinjo. Herufi moja!

Namna ya kujisaidia

Kama t inafuata gh, basi gh inanyamaza: « thought », « bought », « taught », « daughter », « drought ». Yanayotoka nje ya kanuni ni « laughter » na « draught » pamoja na jamaa zao. Maneno ya f ni machache. Yaandikwe kwenye ukurasa mmoja wa daftari: « laugh », « cough », « trough », « tough », « rough », « enough ». Mengine ni ya kushika kwa kichwa, hakuna dawa nyingine. Tena tusiwadharau Waingereza. Sisi wenyewe tunaandika « doigt » kwa Kifaransa, na nani anasikia g au t?

Neno la mwisho. Tulirudi kusoma Marko 5 mpaka mwisho wa habari. Mle ndani « daughter » iko, na « laughed » iko vilevile: watu walimcheka Yesu, naye akawatoa wote nje ya nyumba. Tuliposoma hayo, tuliona haya. Tukamwendea mwenzetu, tukamwomba msamaha. Akatuuliza: « Sasa ninyi, mliocheka, neno lile mlikuwa mnajua kulisoma? »

Kusema kweli, nusu yetu tulikuwa hatujui.

Mungu akipenda, tuonane katika namba ijayo.