Sarufi ya Amri za vi katika Mazingira Mapya ya Kuandikia Programu

Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Bill Joy alitunga programu ya kuhariri maandishi iitwayo vi. Mashine aliyoitumia, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya peke yake vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Ndiyo sababu mwenye kutumia vi husogea kushoto kwa h, chini kwa j, juu kwa k na kulia kwa l. Mashine ile haitumiki tena, lakini desturi yake ilirithiwa na Vim ya Bram Moolenaar, iliyotolewa mwaka 1991, na leo watu huitaka hata katika Visual Studio Code, iliyotokea mwaka 2015.

Wako wadhanio kwamba kuihamisha desturi hii ni kazi ya kuandika orodha tu: kitufe hiki, tendo hili. Dhana hiyo si sahihi, maana amri za vi zina sarufi. Katika hali ya amri, d ni mfano wa kitenzi, yaani futa, na y ni nakili. Herufi w huonyesha neno, na alama } mwisho wa aya. Basi dw ni kufuta neno, d3w ni kufuta maneno matatu, na d} ni kufuta mpaka mwisho wa aya. Ukiweka y mahali pa d, utanakili badala ya kufuta, wala huna haja ya kujifunza upya. Kadhalika mgeni aliyetambua -li- na -ta- katika nilisoma na nitasoma aweza kusema nitalima, hata kama hajapata kulisikia.

Shida huzuka lugha mbili zikutanapo. Katika vi, Control pamoja na F husogeza ukurasa mbele. Katika programu nyingi za leo hufungua utafutaji. Tena, nukta katika vi hurudia badiliko la mwisho. Lakini mazingira mapya huongeza yenyewe bano la kufunga. Je, nukta irudie aliyoandika mtu tu, au na yaliyoongezwa?

Njia zilizofuatwa ni mbili. IdeaVim, katika programu za JetBrains, imeitunga sarufi upya. Yapatana vyema na mwenyeji wake, ila hapana budi kila kanuni ijengwe tena. Nyongeza nyingine, katika Visual Studio Code, huendesha Neovim yenyewe kwa amri, na kumwachia mwenyeji uandishi wa kawaida. Hii hupata sarufi kamili, lakini programu mbili zapaswa kupatana kila wakati juu ya maandishi yale yale.

Kwa hiyo haitoshi kuhesabu vitufe vinavyotambuliwa. Yafaa kuuliza kama amri ambayo mjenzi hakuifikiria, lakini yafuata kanuni, itaeleweka. Isipoeleweka, mtumiaji amepewa msamiati bila sarufi.