Neno "mtu" lina hatua ngapi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mimi nilicheza ugenini, tena juu ya jukwaa la chuma lenye mishale minne, na tuzo niliyorudi nayo nyumbani niliificha kwa zaidi ya miaka kumi kama mtu aliyerudi na deni. Leo nimeamua kuitoa hadharani, maadamu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, na jambo lenyewe linahusu kosa tunalolifanya madarasani kila muhula.

Kosa ni hili: tunawafundisha wanafunzi kuhesabu mizani za ushairi kwa macho. Mwanafunzi huukodolea mshororo, akazitafuta irabu, akazihesabu kwa vidole. Akifika kwenye neno "mtu" huona irabu moja tu, basi akaandika mizani moja. Mwalimu naye huja na kalamu nyekundu: la, "mtu" ni mizani mbili, m-tu. Kwa nini? Kwa sababu kitabu kimesema. Mtahiniwa hukariri, hupita mtihani, na mwaka haujaisha amekwisha kusahau. Nami nilikuwa mwalimu wa aina hiyo hiyo, na shahada yangu ya uzamifu katika isimu haikunizuia hata kidogo.

Mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi katika mji mmoja wa chuo jimboni Indiana, Marekani. Majira ya baridi ya huko hayana simile. Jua huchwa saa kumi na moja jioni, theluji hufika magotini, na mtu aliyezaliwa kando ya Ikweta hujiona amezikwa hai. Mwenzangu mmoja wa maabara ya fonetiki, Mmarekani mpole asiyependa maneno mengi, alinihurumia akanialika Jumamosi moja twende "tukacheze". Nilidhani ni kandanda ya ndani. Kumbe alinipeleka kwenye ukumbi wa mashine za michezo, pembezoni mwa mji, na kule nyuma kabisa, mbali na mashine za kufyatulia risasi na kuendeshea magari ya uongo, palikuwa na watu kama ishirini wamezunguka mashine moja kubwa yenye spika za kutetemesha kifua.

Kwa wasioufahamu mchezo huo, nieleze kwa ufupi. Kampuni ya Konami ya Japani ndiyo iliyoutoa mwaka 1998 ukiitwa Dance Dance Revolution. Mchezaji husimama juu ya jukwaa lenye mishale minne: kushoto, chini, juu na kulia. Muziki ukianza, mishale hupanda kwenye kioo kilicho mbele yake, na kila mmoja unapofika kileleni yampasa aukanyage mwenziwe wa chini papo hapo. Akiwahi au akichelewa, mashine humwambia bila haya. Mchezo ulisambaa duniani kwa kasi ya moto wa nyika. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia hata lilitangaza mpango wa kuupeleka katika shule zake zote 765 za umma ili kupambana na unene wa watoto.

Lakini mashine niliyoiona siku ile haikunivutia kwa sababu ya Konami. Ilinivutia kwa sababu ya wale watu ishirini. Walikuja na taulo, chupa za maji na viatu vya akiba. Walipanga sarafu zao kwenye ukingo wa kioo kuonyesha zamu, na hakuna aliyethubutu kuigusa sarafu ya mwingine. Mshale mmoja ulipokataa kuitika, kijana mmoja alitoa bisibisi mfukoni, akafungua bamba la chuma, akabandika tabaka za utepe chini yake, akafunga, na mchezo ukaendelea. Mashine haikuwa yake wala hakulipwa. Nilipomwuliza mwenzangu kwa nini mwenye ukumbi hafanyi kazi hiyo mwenyewe, aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini jirani huzima moto wa nyumba isiyo yake.

Hapo ndipo niliposimuliwa habari za StepMania. Hiyo ni programu ya tarakilishi iliyoanza kutolewa mwaka 2001, ikaundwa na mashabiki wenyewe, kila mtu akichangia alichojaliwa, na ikaachwa wazi ili yeyote aisome, aitumie na kuibadilisha. Kwayo mtu aweza kuuchukua wimbo wowote na kuutungia hatua zake. Mwaka 2004 kampuni ndogo ya Roxor ya Texas iliitumia kama injini ya mchezo wake wa kumbini, In the Groove. Konami wakashtaki mwaka 2005, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa mapatano yaliyotia haki za mchezo huo mikononi mwa Konami. Kampuni ilinyamaza, mashabiki hawakunyamaza. Hadi leo wako wanaojitolea kuendeleza matawi ya programu ile ile, likiwamo liitwalo ITGmania.

Nikiwa mwanaisimu, kilichonikamata ni maandishi yenyewe. Faili ya hatua husomeka kwa macho. Kila mstari una tarakimu nne, moja kwa kila mshale. Sufuri ni mguu utulie, moja ni kanyaga. Mstari 0100 waamuru: kanyaga mshale wa chini. Kipimo kimoja cha muziki chenye mapigo manne waweza kukigawa kwa mistari 4, au 8, au 16, hata 192. Nilipoitazama mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwani ilikuwa otografia kamili, yaani mfumo wa kuandika sauti kwa ajili ya miguu. Na kama otografia yoyote, ilimlazimisha mwandishi kuamua ni kipi kiandikwe na kipi kiachwe.

Nikaamua kutunga hatua za wimbo mmoja wa Zilizopendwa niliokuwa nao katika sidii. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua majuma matano! Nyimbo za siku hizi hurekodiwa kwa kufuata saa ya mashine, kwa hiyo ukiipata kasi yake mwanzoni umeipata hadi mwisho. Wazee wetu walisimama pamoja chumbani, mpiga ngoma akimtazama mpiga gitaa, na gitaa lilipokolea kasi ilipanda bila mtu kuamuru. Ikanibidi niipime upya karibu kila kipimo, maana StepMania kwa kawaida humpa mchezaji sifa ya juu kabisa iwapo tu mguu wake umetua ndani ya milisekunde 22.5 kabla au baada ya pigo, na akikosea kwa zaidi ya milisekunde 180 huhesabiwa kuwa amekosa kabisa. Sijawahi kuusikiliza muziki wa nyumbani kwa makini kama nilivyousikiliza katika chumba kile cha theluji.

Hatua za magitaa nilizitunga mimi. Za sauti ya mwimbaji nilimwachia mwenzangu, kwa kuwa hakujua Kiswahili na nilitaka masikio yasiyokuwa na mazoea. Katika kiitikio cha wimbo ule neno "mtu" hurudi mara nyingi. Kila liliporudi, yeye aliweka mshale mmoja.

Tulipoijaribu nilikosa kila "mtu". Si mara moja, si mara mbili. Kila mara mguu wangu ulitua mapema, mshale ukapita bila kukanyagwa, na kioo kikaniumbua mbele ya jamaa wale wenye taulo. Nikadhani ni uchovu. Mwenzangu ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya chini: "Huchelewi wala huyumbi. Unatangulia mahali pale pale."

Usiku ule tulirudi maabara, tukaifungua sauti katika Praat, ile programu ya Waholanzi ya kuchanganua usemi. Ikawa wazi. Mwimbaji aliitoa m ikiwa nzima, ikaketi juu ya pigo lake kwa urefu unaokaribia ule wa tu. Mwenzangu, kwa sikio la Kiingereza, aliisikia m kama mlango wa kuingilia kwenye tu, akauweka mshale mlangoni mwa irabu. Kwa hakika hakukosea kwa mujibu wa vitabu. Mwaka 1976 watafiti Morton, Marcus na Frankish walikwisha kuonyesha kwamba wakati tunaohisi silabi imetokea si pale sauti yake inapoanza. Aghalabu ni karibu na mwanzo wa irabu. Lakini silabi isiyo na irabu je? Ya kwetu hujibeba yenyewe, tena hubeba na shadda, kwani Kiswahili huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "mtu" silabi hiyo ni m.

Mguu wangu uliyajua hayo. Mimi sikuyajua. Niliyakariri, tena niliyafundisha, ila sikuyajua. Tuliurekebisha mstari: mshale mwekundu wa pigo zima kwa m, wa buluu wa nusu pigo kwa tu. Jumamosi iliyofuata Wamarekani wasiojua hata "jambo" waliukanyaga Uswahili wa neno "mtu" sawasawa.

Niliporejea nchini nilimsimulia mkubwa wangu mmoja kazini kwamba nataka kuandika makala juu ya jambo hilo. Aliniuliza kama serikali ilinipeleka ng'ambo nikacheze. Wenzetu waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka nao, na hicho ndicho kicheko ninachojutia zaidi maishani mwangu ya ualimu. Nikaliweka faili lile katika kasha. Nikarudi kwenye chaki, kwenye "kitabu kimesema", kwa zaidi ya miaka kumi.

Kilichonizindua ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Muhula uliopita aliinua mkono akasema: "Mwalimu, samahani, mimi hiyo silabi ya m naiandika kwa sababu ya alama. Siisikii." Darasa likanyamaza, maana alisema la wengi. Hatukuwa na mashine, wala chuo chetu hakina fedha za kununulia mashine ya densi, na sidhani ingefaa kuziomba. Nilichukua chaki nikachora masanduku manne sakafuni.

Walianza kwa aibu, kisha wakasahau kuona aibu. Neno "mbu" walilikanyaga mara mbili, m-bu. Neno "mbuzi" nalo mara mbili, mbu-zi. Wakasimama. Mbona mb ile ile, huku inatengana na kule inashikana? Binti mmoja ambaye lugha yake ya mama ni Kikamba akasema kwao hakuna tatizo, kwani wao husema "mũndũ", irabu bado ipo. Naam! Kiambishi chetu m- kilikuwa mu- zamani. Irabu imekwenda zake, lakini kiti chake hakijaondolewa mezani. Ndiyo maana wale wanaosema "mutu", tunaowacheka kwa lafudhi, hawakosei kamwe idadi ya mizani. Nilikiri mbele ya darasa kwamba nimewacheka wengi isivyo haki.

Kisha nikawapa "mtu mbaya" na "nyumba mbaya". Kwa maandishi ni "mbaya" moja. Kwa miguu ni mbili: ya mtu ina hatua tatu, m-ba-ya, ya nyumba ina hatua mbili, mba-ya. Hakuna aliyeambiwa. Walikanyaga tu, wakatazamana.

Wako watakaosema kwamba nahimiza vijana wapoteze muda kwenye michezo. Sitawajibu kwa maneno makali, kwani nami nimewahi kucheka kicheko chao. Nasema tu kwamba kucheza mchezo ni jambo moja na kuutungia hatua ni jingine. Mwanafunzi akipewa wimbo, karatasi na masanduku manne ya chaki, akaambiwa aandike hatua ambazo mwenzake ataweza kuzifuata, hana pa kujificha, kwa kuwa mguu wa mwenzake utamsuta. Jambo moja tu ningelisisitiza: nyimbo zina wenyewe. Wanamuziki wetu wa zamani wamenyonywa vya kutosha, kwa hiyo katika darasa langu hugawana maandishi ya hatua, si nakala za wimbo.

Juma lililopita yule kijana asiyesikia m alinijia ofisini akiwa na karatasi iliyojaa sufuri na moja. Alikuwa amekwama kwenye maneno "mbwa mbaya". Mbwa na nyumba, aliniambia, zote majina yake ni ya ngeli ya I-ZI, basi "mbaya" ya mbwa ilipaswa kuwa na hatua mbili kama ya nyumba, ila kila anapojaribu miguu yake inakanyaga tatu. Nilimwuliza: mbwa akibweka, utasema "mbwa inabweka" au "mbwa anabweka"? Hakunijibu. Alirudi nyuma hadi mlangoni, akakanyaga m-bwa, m-ba-ya juu ya saruji tupu, hatua tano, akainama na kufuta mstari mmoja kwa ufutio.