Nyuma ya mashine kuna watu

Juma hili tulikaa na kijana mmoja anayeandika programu za kompyuta. Tulimwuliza kama akili bandia itawanyima watoto wetu kazi. Alitujibu kwamba mashine hiyo haikujitengeneza. Nyuma yake kuna watu.

Ni kweli. Ndani ya simu mna bati linaloshikanisha vipande vidogo vya umeme. Bati hutoka katika kasiterite, jiwe linalochimbwa hapa kwetu Walikale, kule Bisie. Miaka mingi watu wamelibeba mgongoni kupita msituni.

Kisha mashine hufundishwa. Mwezi wa kwanza 2023, gazeti la Time la Marekani liliandika juu ya wafanyakazi wa Kenya waliosoma maandishi ya ukatili ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwezi wa tano mwaka huo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi, wakakubaliana kuunda chama. Sisi wa vikundi tunawaelewa: kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi mtoto akipenda kompyuta, msichana au mvulana, tusimzuie. Tumfundishe pia kuuliza mshahara na mkataba kabla hajaanza kazi.

Na sisi tukumbuke, mashine inaweza kusema uongo kwa maneno matamu. Mtoto akiugua, tusiulize simu dawa. Twende kituo cha afya.