Kamera za ghala: anza na siku ya kuhesabu magunia

Vijana, nikitembelea AMCOS zenu naulizwa kwanza bei ya kamera. Mimi nauliza: magunia mnahesabu kila baada ya siku ngapi?

Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa Mbps 2 inakula kama GB 21 kwa siku. Kamera nne zinajaza diski ya TB 1 ndani ya siku 11 hivi, halafu picha za zamani zinafutika. Mkihesabu mwisho wa mwezi, picha za mwizi zishaondoka!

Kamera nne zinataka TB 4. Pesa ikibana, fungeni mbili, mlangoni na kwenye mizani, kwa TB 2. Hapo mna siku kama 45.

DVR ifungiwe kabatini, mbali na ghala. Mwizi akiibeba, kabeba ushahidi wote.