Je, Wajua? Mishazari Miwili Ndiyo Inayoihukumu Meza

Meza yenye urefu wa sm 120 na upana wa sm 90 inapaswa kuwa na mshazari wa sm 150 kutoka pembe hadi pembe ya upande wa pili. Ni ile kanuni ya pembetatu ya 3, 4 na 5 ikizidishwa kwa 30. Wengi huridhika na kupima pande nne tu, lakini hilo halitoshi: pande zikiwa sahihi huku pembe zimepinda kwa digrii 1 tu, mshazari mmoja utakaribia sm 151.3 na mwingine sm 148.7. Ni tofauti ya takriban sm 2.5, na mita ya kawaida huionyesha wazi.

Fundi atasema guni linatosha. Lakini mkono wa guni ni mfupi. Kosa la mm 1 kwenye sm 20 huwa mm 6 kwenye sm 120. Pingamizi zito zaidi linatokana na hali ya hewa ya Lubumbashi. Ubao uliokauka kiangazi, kuanzia Mei, hunywa unyevu mvua za Novemba zikianza na kutanuka kwa upana, huku urefu wake ukibadilika kidogo sana, hivyo ile 150 haitadumu. Ni kweli. Ndiyo maana ni bora kulinganisha mishazari yenyewe kuliko kushikilia namba: upana ukiongezeka sawasawa, yote miwili hurefuka pamoja. Ila hakikisha kwanza pande zinazotazamana zinalingana, kwa sababu hata meza iliyobanwa upande mmoja inaweza kuwa na mishazari sawa.