Nembo ya Programu Huria ya Afya: Yanayopaswa Kupimwa Kabla ya Kura

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Katika huduma za afya programu za aina hii si ngeni Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana pamoja na shirika la Partners In Health, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Kwa kuwa programu hizi hujengwa na jamii ya watu waliotawanyika katika nchi nyingi, wengi wao wakijitolea, hata nembo mara nyingi huachiwa jamii hiyo iichague. Kazi hii hudhaniwa kuwa ndogo. Hata hivyo, msimbo wenye kasoro huweza kurekebishwa usiku mmoja, ilhali nembo iliyokwisha kuchapwa kwenye kadi za kliniki, fulana na mabango ya zahanati haifutiki kwa urahisi. Na ikibeba maana isiyofaa, anayeumia ni mgonjwa.

Desturi ya jamii hizi ni kuitisha shindano, kisha kupiga kura. Matokeo yake hayatabiriki. Pengwini wa Linux aitwaye Tux, aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996 baada ya Linus Torvalds kueleza mapenzi yake kwa ndege huyo, hakushinda hata moja kati ya mashindano ya nembo ya Linux. Alikubalika kwa kutumiwa tu. Debian nayo ilifanya shindano mwaka 1999 na kupata kazi ya Raul Silva, yenye zingo jekundu linalojulikana hadi leo. Mwaka huohuo wanachama walilazimika kupiga kura nyingine ili kubadilishana nafasi za matoleo mawili ya nembo hiyo: lile la matumizi ya wote na lile la matumizi rasmi.

Namna ya kuhesabu kura ina uzito kuliko inavyofikiriwa. Chukulia wapiga kura 100 na michoro minne, mitatu ikiwa na moyo na mmoja ukiwa na nyoka. Watu 60 wanataka moyo, lakini kura zao zinagawanyika 22, 20 na 18. Waliobaki 40 wanampa nyoka. Nyoka ameshinda, ingawa wengi wangemweka mwisho kabisa. Ndiyo maana kura za Debian humtaka mpiga kura aipange michoro yote kwa mfuatano wa upendeleo wake, na daima huwapo nafasi ya kusema kwamba hakuna kilichofaa. Nafasi hiyo ya mwisho ni ya lazima katika afya, kwa kuwa michoro yote iliyoletwa yaweza kuwa mibaya.

Mchoro wa kwanza kuondolewa, kabla hata ya kufika kwenye kura, ni ule wenye msalaba mwekundu juu ya weupe. Wachoraji wengi huudhani kuwa alama ya jumla ya tiba, isiyo na mwenyewe. Sivyo. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu cha 53, unakataza watu binafsi, vyama na kampuni kuutumia au kuuigiza wakati wowote, hata wa amani. Hilali nyekundu inalindwa vilevile, na tangu Itifaki ya mwaka 2005 kristali nyekundu pia. Sababu haihusiani na biashara. Alama hizo humwambia mwenye bunduki kwamba gari hili na hema hili visipigwe. Kadiri zinavyozoeleka kwenye maduka ya dawa na michezo ya kompyuta, ndivyo zinavyopoteza nguvu mahali ambapo maisha yanazitegemea. Anayetaka msalaba anaweza kuanzia kwenye ule mweupe juu ya kijani, ambao ni alama ya kimataifa ya huduma ya kwanza.

Nyoka naye ana mkanganyiko wake. Fimbo ya Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wagiriki, ina nyoka mmoja. Hiyo ndiyo iliyomo katika nembo ya Shirika la Afya Duniani. Fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Herme, mlezi wa wafanyabiashara na wezi, na ilienea katika tiba hasa baada ya kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kuivaa mwaka 1902. Juu ya hayo, mama anayeleta mtoto kliniki huenda asione Ugiriki yoyote katika picha ya nyoka, ataona nyoka.

Jambo zito zaidi ni usiri. Utepe mwekundu uliobuniwa na wasanii wa New York mwaka 1991 ulikuwa ishara ya mshikamano na watu wanaoishi na VVU, na ukivaliwa na waziri jukwaani hubaki hivyo. Ukiwekwa kuwa alama ya programu inayomkumbusha mgonjwa kumeza dawa za kufubaza virusi, maana yake hugeuka. Simu katika familia nyingi hupita mikononi mwa mume, mke, watoto na jirani aliyeishiwa salio. Alama ndogo kwenye kioo cha simu inatosha kutangaza kile ambacho daktari hangekitamka. Nchini Tanzania, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa matokeo ya kipimo; haina maana kuulinda katika faili na kuuanika katika nembo. Hoja hii inahusu pia kifua kikuu, afya ya akili na uzazi wa mpango. Katika programu hizo nembo isiyosema chochote, kama vile jani, duara au herufi moja, ni bora kuliko nembo inayoeleza vizuri. Wabunifu hufundishwa kinyume cha hayo, hivyo ni wajibu wa wahudumu wa afya waliomo katika jamii kulisema mapema, na kuwauliza wagonjwa wenyewe kabla kura haijafunguliwa.

Kisha kuna jicho. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban asilimia 8 hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni takriban asilimia 0.5, kwa sababu vinasaba vinavyohusika vimo katika kromosomu X. Miongoni mwa Waafrika viwango ni vya chini zaidi, lakini wapo. Nembo ichapwe kwanza kwa wino mweusi, kwa upana wa sentimeta moja, kisha itolewe fotokopi. Isipotambulika hapo, haitatambulika kwenye rejesta ya zahanati.

La mwisho ni umiliki. Mwaka 2006 Debian ililazimika kuibadili Firefox jina na kuiita Iceweasel, kwa kuwa msimbo ulikuwa huria lakini picha ya nembo haikuwa hivyo, na Mozilla haikukubali jina litumike bila nembo. Jina la awali lilirudi mwaka 2016. Kwa sababu hiyo kila mshiriki wa shindano atie saini, kabla ya kuleta kazi yake, leseni inayoruhusu jamii kuitumia na kuirekebisha, na akabidhi faili la asili la mchoro, si picha yake tu. Jamii nayo iandike nani anaruhusiwa kuibandika nembo kwenye toleo lililorekebishwa, maana mhudumu anayeiona nembo huamini kwamba hesabu ya dozi iliyomo ndani ni ileile iliyohakikiwa.